Wimbo wa Kupukuchua Mahindi

Bartholomeo Kalinga ananoa misumeno Mafinga, kwenye banda linalotazamana na kiwanda cha mbao. Ana miaka hamsini na tisa, na kwa zaidi ya ishirini amefundisha kundi la tarumbeta la usharika wake wa Kilutheri. Nyimbo zake huziandika kwa do-re-mi kwenye daftari. Nota za mistari mitano hakuwahi kujifunza.

Mwaka jana wageni waliuachia usharika violini tatu, cello moja na klarineti. Damari, fundi cherehani, na wenzake wanne wakafundishwa kuvipiga. Walipoiva, Damari akamfuata Bartholomeo.

"Mwalimu, sasa sisi tutapiga nini?"

Nyimbo zake zote zilikuwa za tarumbeta. Aliyemsaidia ni Yudith, mwalimu wa sekondari anayeimba alto. Alifika bandani na laptop, akamweleza kwamba akili mnemba ikipewa wimbo na kuambiwa vyombo vilivyopo, inaweza kukiandikia kila chombo sauti yake.

"Hata wimbo wa mama yangu?"

"Hata huo. Nisomee do-re-mi zake."

Ni wimbo ambao marehemu mama yake aliuimba akipukuchua mahindi. Bartholomeo akausoma kutoka daftarini, Yudith akaandika; haikuchukua muda, laptop ikaupiga kwa sauti ya violini. Bartholomeo akaketi juu ya gogo, kofia mkononi. Akaomba urudiwe, kisha akatikisa kichwa.

"Mstari wa pili hapana. Pale mama alikuwa ananyamaza kidogo, anachukua hindi jingine. Hii imepajaza."

Yudith akaandika maneno yale yale. Mashine ikafuta nota zile, ikaacha kimya kwa vyombo vyote.

Mazoezini likazuka jingine. Damari alishusha violini katikati ya wimbo.

"Mwalimu, sauti hii mimi sinayo. Waya wangu mnene kabisa haufiki huko chini."

Yudith alipoiuliza mashine, ikakiri kosa. Bartholomeo akacheka sana. Tangu siku ile bandani alikuwa akiiogopa kidogo, na kumbe inakosea kama mwanakwaya yeyote. Akaamua mwenyewe: cello ipewe sauti za chini, violini ipande.

Jumapili ya mavuno tarumbeta zilianza, kisha violini zikaingia. Ubeti wa pili, wa mwisho daftarini, ulipokwisha, wapigaji wakashusha vyombo. Lakini Bertha, dada mkubwa wa Bartholomeo, alikuwa ameshatoka kwenye benchi lake akiimba na kucheza taratibu kuelekea mbele, na hakunyamaza. Aliendelea kuimba peke yake, kwa Kihehe, maneno ambayo mdogo wake hakuyakumbuka kabisa. Cello ikamfuata kwa kubahatisha, kina mama wakapiga vigelegele.

Baada ya ibada Bartholomeo alimkalisha dada yake kwenye ngazi za kanisa, daftari magotini.

"Dada, rudia polepole."

Bertha akarudia. Bartholomeo aliandika huku akitabasamu, kisha akamwita Yudith aliyekuwa akifungasha vyombo.

"Mwalimu, washa laptop. Wimbo una ubeti wa tatu."