Taj Mahal ya Usevya

Shemeji yangu alikuja kwangu Mpanda mjini na kalenda ya ukutani iliyokunjwa kwapani. Ilikuwa kalenda ya mwaka uliopita, na juu yake palikuwa na picha ya Taj Mahal. Mkewe, ambaye ni mdogo wangu, tulikuwa tumemzika miezi minne nyuma huko kwao Usevya.

"Shemeji," akasema, akiitandaza mezani, "wewe umefundisha historia miaka yote hiyo. Nieleze huyu mtu alijengaje. Nataka nimjengee mwenzangu kama hii."

Hapo nilipaswa kumwuliza habari za jiko. Mdogo wangu alipika miaka kumi na tisa kwenye jiko la nyasi nyuma ya nyumba. Mvua ikinyesha lilivuja, kuni zikalowa, moshi ukajaa mpaka usimwone mpishi. Kila baada ya mavuno ya mpunga alimwomba mumewe bati sita za kuliezekea. Mwaka mmoja akajibiwa kwamba pikipiki kwanza, mwaka mwingine mashine ya kukoboa kwanza. Kifua kikawa kinambana. Daktari hakuandika popote kwamba ni moshi, na mimi si daktari. Ninachojua ni kwamba jiko lile lile lilirithiwa na binti yake mkubwa, na binti naye alikuwa ameanza kukohoa.

Sikuuliza. Nilivaa miwani. Mwalimu mstaafu akiulizwa swali la historia ni kama ng'ombe aliyeonyeshwa chumvi.

Basi nikamweleza hatua kwa hatua, maana hakuna asiyeweza kuielewa Taj Mahal akielezwa vizuri. Katika karne ya kumi na saba, mfalme wa Kimughal huko India alifiwa na mke aliyempenda kuliko wote. Mama wa watu alikufa akijifungua mtoto wa kumi na nne. Mfalme akalia, kisha akaita mafundi mjini Agra, kando ya mto Yamuna, na kazi ikachukua zaidi ya miaka ishirini. Marumaru nyeupe ilitoka machimbo ya mbali. Maua unayoyaona ukutani hayakuchorwa. Ni vijiwe vya thamani vilivyokatwa na kupachikwa kimoja kimoja. Kuba ni mawili, moja ndani ya jingine: la ndani ni la kiasi, limfae aliye ndani, na la nje ni kubwa, lionekane na walio mbali. Minara minne imeinamishwa nje kidogo, kidogo sana, ili siku ikianguka isiliangukie kaburi.

"Mtoto wa kumi na nne!" shemeji akasema. "Alimpenda kweli."

"Alimpa mimba kumi na nne na jengo moja," nikamjibu.

Hakucheka. Aliandika nyuma ya kalenda: minara minne, iiname.

Nilipokwenda Usevya miezi miwili baadaye, sikuhitaji kuuliza njia. Kaburi la mdogo wangu liko ukingoni mwa shamba, na sasa juu yake palisimama kibanda cha zege chenye matao pande nne, kirefu kuliko nyumba anayolala mgane mwenyewe. Kuba fundi alilipata kwa kumwaga zege juu ya simtanki bovu la maji. Marumaru zilikuwa vigae vyeupe, vile vya kubandika chooni. Vilipokwisha dukani wakamalizia upande mmoja na vya maua ya waridi, na shemeji akanionyesha upande huo kwa fahari, kwamba hata maua yapo. Minara ilikuwa mabomba ya plastiki yaliyojazwa zege. Fundi aliambiwa iiname, akaiinamisha. Imetanuka kama pembe za ng'ombe wa Kisukuma.

"Unaonaje, shemeji?"

"Umejitahidi," nikasema, na sikusema uongo.

Nyuma ya nyumba binti alikuwa akiwapikia mafundi ugali. Nilimsikia kabla sijamwona.

"Shikamoo mama mkubwa," akasema, akikohoa.

"Marahaba. Umemwambia baba yako kuhusu hiki kifua?"

"Nimemwambia. Kasema tumalizie kwanza kwa mama."

Siku ya kubariki kaburi watu walijaa. Katekista alipomaliza sala, mvua za mwanzo zikashuka kwa pamoja. Jiko la nyasi likavuja, moto ukazimika, na sufuria kubwa ya wali ilikuwa bado haijaiva. Hapo akainuka mtani wetu, bibi mfupi wa ukoo tunaotaniana nao tangu enzi za babu zetu. Kwetu mtani msibani husema na kufanya atakavyo, na anayemkasirikia hujiaibisha mwenyewe.

"We binti, lete mafiga!" akaamuru. "Na nyie wenye nguvu, bebeni sufuria."

Akatangulia na makaa kwenye karai, akaingia chini ya kuba, akainama pembeni mwa kaburi.

"Hodi, mke wa mfalme! Tunakuja kupika kwako. Kwako hakuvuji!"

Watu wakaangua kicheko. Kuni mbichi zikawaka kwa shida, na moshi ukapanda kubani, ukakosa pa kutokea juu, ukarudi chini. Nilikuwa nimemweleza shemeji kila kitu isipokuwa hewa. Vigae vikaanza kuwa vyeusi.

"Bibi, unaharibu!" shemeji akaita kutoka mvuani.

"Naharibu nini, mfalme? Marehemu kakwambia anakohoa?"

Kicheko kikakatika. Ndani ya moshi binti akakohoa. Alikohoa kwa muda mrefu, akishika tao kwa mkono mmoja, na kikohozi kile wote tulikuwa tunakijua. Kilikuwa cha mama yake.

Shemeji aliingia, akamshika binti mkono, akamtoa nje. Kisha akarudi, akachochea moto mwenyewe mpaka wali ukaiva. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, akanisogelea.

"Shemeji, yule mfalme alimjengea mkewe jiko?"

Nilitafuta kwenye kumbukumbu zangu zote za kufundisha.

"Sijasoma popote," nikasema. "Na mimi sikukuuliza habari za jiko siku ile ya kalenda. Nilipaswa kukuuliza."

Kabla ya Krismasi binti alinipigia simu niende nikaone. Kuba bado lina masizi. Shemeji amekataza lisisuguliwe. Nyuma ya nyumba kuna jiko la tofali lenye dirisha na bomba la moshi, ambalo fundi, mazoea yakamshinda, kaliinamisha nje. Nilisimama mlangoni mvua ikinyesha, nikainua kichwa, nikahesabu bati moja moja.

Zilikuwa sita.