Niliposema Wameisha Wote

Usiku huo nililala nyumba ya wageni Pangani nimeshiba samaki, na kila nilipogeuka kitandani ile shibe ilinisuta. Kabla ya ndoto sharti niseme nilichofanya mchana, maana bibi yangu marehemu hakunijia bure.

Tulitoka Moshi alfajiri: mimi, mke wangu Rehema, watoto wawili, na baba mkwe, mwalimu mkuu mstaafu, aliyekaa kiti cha mbele kama mkaguzi. Muheza tulisimama tukanunua machungwa, baba mkwe akawamenyea watoto njia nzima. Safari ilikuwa ya kumwonyesha mji wetu wa kale. Tangu siku za posa nilimjaza maneno kuhusu nyumba yetu ya ghorofa, mlango wa nakshi, wazee wenye heshima zao. Tulipofika, mlango umeanguka, na sebuleni umeota mpapai. Baba mkwe aliutazama ule mpapai kuanzia shina hadi majani.

Pale kivukoni alifuata harufu, akatupeleka kwenye banda la mama mmoja mzee aliyekuwa akichoma samaki na kuwapaka tui zito kwa upawa. Mimi nilimjua kabla gari halijasimama. Alikuwa Bibi Zubeda, mdogo wake bibi yangu Mwanahawa, ambaye ni marehemu. Bibi Zubeda ndiye aliyenilea miaka mitatu mama yangu alipougua. Wote wawili walikuwa wakiniita "mume wangu", kama bibi zetu wanavyotutania, hata nilipoanza kunyoa ndevu. Sasa kanga yake ilikuwa imeungua pembeni, na miguuni hakuwa na kitu. Nikakaa kwenye benchi.

"Mama," nikamwambia, "tuwekee samaki watano na wali wa nazi."

Akanitazama.

"Karibuni, wageni."

Tukiwa tunanawa, baba mkwe akaniuliza, "Sasa ndugu zako wa ile nyumba wako wapi?"

"Wameisha wote, baba."

Bibi Zubeda alimgeuza samaki upande wa pili. "Mungu awarehemu," akasema, akaendelea kupaka tui.

Samaki alikuwa mtamu. Nilikula mpaka nikanyonya mifupa, na watoto wangu wakamsifia mpishi. Nililala na hilo.

Ndotoni ni mchana. Niko kwenye nyumba ile ile, ila mlango umesimama na mpapai haupo. Bibi Mwanahawa anafagia sebule. Ametandika mkeka mpya, sinia limefunikwa kawa, birika la kunawia liko tayari. Sikushangaa kumwona, ukiwa ndotoni marehemu ni mtu tu wa nyumbani. Nilimpa shikamoo, nikangoja utani wake.

"Marahaba, mgeni," akasema.

Neno hilo lilinichoma. Nikamuuliza anamwandalia nani.

"Zubeda. Nimesikia umesema wameisha wote, nimekuja kumpokea mdogo wangu." Akachungulia nje. "Mbona hajafika?"

Nataka kumwambia kwamba Zubeda yu hai, lakini mdomo wangu umejaa wali. Natafuna, nameza, na wali haupungui. Bibi anangoja kwa adabu, kama anavyongojwa mtu mwenye chakula mdomoni.

Mara tuko garini. Bibi kakaa kiti cha mbele, mapajani ana maganda ya machungwa. Watoto wamelala nyuma. Sigeuzi usukani, gari lenyewe linajua njia. Kivukoni Bibi anashuka, anamwita mdogo wake kwa sauti ya kawaida, sauti ya kumwita mtu aje kula.

Bibi Zubeda anasikia, naye hajawahi kumkatalia dada yake. Anaweka upawa chini. Anamwagia makaa maji. Ananawa mikono mpaka viwikoni, anajitanda kanga yake vizuri, anaanza kutembea kuelekea alikoitwa.

Nafahamu, bila kuambiwa na mtu, kwamba nikimwita atabaki. Neno lenyewe ni moja tu, Bibi. Wali umekwisha mdomoni, sina tena kisingizio. Nafungua mdomo, na kabla sijaita, nageuka nyuma kuangalia kama baba mkwe anasikia.

Hata ndotoni! Naandika haya na uso unaniwaka.

Bibi Mwanahawa aliniona nikigeuka. Hakufoka, na angefoka ningepata nafuu. Alimshika mdogo wake mkono, wakasimama wote wawili wananitazama, na machoni mwa Bibi Zubeda hamkuwa na lawama hata chembe.

"Mimi niliondoka kwa siku yangu," Bibi akasema. "Huyu usimwondoe kwa mdomo wako. Nenda kaseme yupo. Waliokusikia jana ndio wakusikie."

Nikaita. Sijui niliitia ndotoni au kitandani, maana Rehema ndiye aliyenishika bega.

"Unamwita bibi gani?" akaniuliza.

Kulikuwa kunapambazuka. Sikumjibu, kwa sababu nilijua nikimwambia yeye kwanza nitamtuma akaseme kwa niaba yangu. Nilivaa shati, nikaenda chumba cha pili, nikagonga. Baba mkwe alifungua akiwa na mswaki mkononi. Nilisimama wima kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Baba, jana nilikudanganya. Yule mama aliyetupikia ni bibi yangu. Yeye ndiye aliyenilea."

Aliuweka mswaki chini. Nilitamani anikaripie.

"Kumbe," akasema. "Na yeye hakukutambua?"

Nilitazama sakafu.

"Alinitambua, baba. Akanisitiri."