Adui Mwenye Chupa ya Chai

Jackton alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kumwona mtu akipita bila kumkaribisha. Kwao Vihiga hiyo ni tabia njema. Mjini Nanyuki ilimfukuzisha kazi mara mbili. Alipokuwa mlinzi wa hoteli, alimfungulia kila aliyebisha, hata mwizi, akamwonyesha na mahali pa kukaa. Alipouza nyama, aliwaonjesha wateja mpaka wakashiba na kwenda zao.

Mkewe Tryphosa, mwalimu wa shule ya msingi, alichoka. Alimwambia wazi kwamba kazi ya tatu ikimshinda, Jackton atarudi Vihiga kuchunga ng'ombe wa kaka yake, na yeye Tryphosa atabaki Nanyuki na mtoto wao Chris. Jackton alimpenda mkewe kupita kiasi, na maneno hayo yalimtia hofu kweli.

Kazi ya tatu aliitafuta Tryphosa mwenyewe. Wanajeshi wa kigeni walikuwa wakifanya mazoezi nje ya mji, na jirani yao Gikonyo aliwatafutia watu wa kuigiza wanakijiji, maadui na maiti. Jackton akapewa umaiti.

"Hii hata wewe huwezi shindwa, Baba Chris," Tryphosa alimwambia. "Ni kulala tu."

Ikamshinda. Alikuwa amelala vumbini, amepakwa rangi nyekundu, amekufa vizuri kabisa, askari mmoja alipomkanyaga kidole na kuomba radhi. Maiti akafumbua macho, akamwambia asijali, akampa na pole ya safari. Askari alipiga yowe, mazoezi yakasimamishwa.

Gikonyo akambembeleza mkubwa wao, na Jackton akahamishiwa kwa maadui. Alipewa bunduki ya mbao na kibanda cha kulinda. Kikosi kilipofika kilimkuta adui mlangoni na chupa ya chai aliyofungashiwa na mkewe. Bunduki alikuwa ameiweka kando, maana mgeni hapokewi kwa silaha mkononi. Askari walitazamana. Upepo wa mlimani ulikuwa ukiwachapa tangu asubuhi. Wakaketi. Walipofika kikombe cha pili, maadui wengine wakachomoka vichakani wakawaua wote.

Mkubwa alifurahi mno. Alisema hajawahi kuona adui hatari kama huyu, akampa kazi ya kudumu: kila kikosi kipya kipitie kwa Jackton kijifunze. Tryphosa alichinja kuku. Hatimaye mumewe alikuwa amepata kazi inayolingana na tabia yake, tena analipwa kwa kuwa vile alivyo.

Chai ile iliua vikosi vingi. Kisha siku moja akarudi askari aliyewahi kuuawa hapo, mwenye uso wa kitoto, midomo imempasuka kwa baridi. Jackton alimwonea huruma, akamnyooshea kikombe. Kijana akaruka nyuma, akamwelekezea bunduki, akamwamuru alale chini. Mkubwa akapiga makofi. Somo lilikuwa limeingia.

Jackton alirudi nyumbani akakaa bila kuvua viatu.

"Mama Chris," alisema, "leo nimefundisha mtoto wa watu kuogopa chai."

Tryphosa alikuwa mwalimu, na alijua jinsi ilivyo vigumu kumsahaulisha mtoto jambo akishalishika. Alimhurumia mumewe, akamhurumia zaidi huyo mtoto.

"Basi kesho usiende," alimwambia. "Na Vihiga pia usiende."