Machibya na Kilomita za Lamadi

"Mnatangaziwa, wakazi wa Igoma, Buzuruga na vitongoji vyote ambavyo umeme haujakatika, kwamba ndugu yetu Machibya Shigela, fundi wa mafriji, baba wa watoto watatu, mmiliki wa nyumba iliyofika kwenye lenta ikagoma kuendelea, ameamua kwa hiari yake na kwa akili zake timamu, kama zilivyo, kutembea kwa miguu kutoka Igoma hadi Lamadi ndani ya siku moja. Ni zaidi ya kilomita tisini. Hatapanda gari, hatapanda pikipiki, hatapanda punda. Wazee wanaombwa kumwombea. Vijana wanaombwa wasimcheke mpaka awe amepita."

Tangazo hilo lilisomwa alfajiri na Jonathan, mwenyekiti wa klabu ya jogging ya Igoma, kwa kipaza sauti ambacho siku nyingine hutangazia dawa ya kunguni. Wanachama wakapiga makofi. Machibya akaondoka na bukta yake ya kubana, kifua mbele, kama mtu anayekwenda kupokea nishani. Chenge, rafiki yake, akafuata na baiskeli iliyobeba maji na uji.

Sasa, ili usije ukamhurumia bure, mjue kwanza. Ukimpelekea Machibya friji bovu, analifungua siku hiyohiyo, tena kwa furaha. Kulifunga ndiyo habari nyingine. Kibanda chake kimejaa mafriji yaliyopasuliwa matumbo, na wenye mali wamekata tamaa. Mama mmoja huja kila Jumamosi kuhifadhi viatu kwenye friji lake hapohapo kwa fundi. Mafundisho ya kipaimara aliyaacha njiani kabla hawajafika kwa Roho Mtakatifu, kwa hiyo mpaka leo anafahamiana na Baba na Mwana tu. Na ile nyumba, baada ya lenta kukaa miaka bila paa, iliotesha mpapai sebuleni. Mpapai ukakua. Ukazaa. Siku mkewe Modesta alipowakuta watoto wa jirani wanachuma mapapai sebuleni kwake, mahali alipokuwa amepanga kuweka makochi, hakupiga kelele. Alikunja nguo zake.

"Maliza kitu kimoja, Machibya," alisema akiwa mlangoni. "Kimoja tu, chochote. Siku hiyo nitarudi."

Akaenda kwa wazazi wake, vijijini huko mbele ya Magu, na watoto akaenda nao.

Mtu mwingine angefunga friji moja akatuma picha. Lakini Machibya alijijua. Friji linahitaji spea, nyumba inahitaji bati, kipaimara kinahitaji askofu. Kutembea hakuhitaji kitu ila miguu, na miguu alikuwa nayo miwili, mizima. Akampigia simu Modesta, akamweleza. Mkewe akasema, "Ukifika Lamadi kabla siku haijaisha, utanikuta kwa dada Rose." Basi. Kwa maneno hayo Machibya alifanya mazoezi msimu mzima, na kwa mara ya kwanza watu wa Igoma walianza kuogopa kwamba huenda kweli atamaliza.

Njia yenyewe haikuwa barabara ya lami. Ilikuwa Njia ya Ghuba, mali ya mradi mmoja wa utalii uliokuja na wazungu wenye kofia, ukapaka mawe rangi nyeupe kando ya ziwa ili wageni watembee siku nne wakitazama ndege. Mradi ukaisha. Mawe yakabaki kidogo, kisha yakaanza kuhamia jikoni, maana jiwe lililopakwa rangi linafanya figa zuri. Kwa hiyo ilimpasa Machibya kila baada ya muda kusimama kwenye mji wa watu, kusalimia, na kuuliza jiwe lililo chini ya sufuria lilikuwa likikaa wapi hapo zamani.

Hata hivyo alikwenda. Lazima tumpe haki yake. Jua lilipotoka alikuwa ameiacha Kisesa nyuma. Lilipokuwa kichwani, kucha mbili zilikuwa zimeng'oka na alikuwa bado anatembea. Alipita kwenye mialo ambako wanawake wanaanika dagaa, wakamwita kichaa, akawapungia mkono. Malengelenge yakatumbuka, akayafunga kwa kitambaa cha Chenge.

"Kaka, unajua kwamba unatembea kama kuku aliyekanyagwa?" Chenge alimuuliza.

"Lakini natembea."

"Hilo sikatai. Shemeji atakuja na machozi."

Alasiri waliipita Magu. Zaidi ya nusu ilikuwa imekwisha, na Machibya alianza kuhisi jambo ambalo hakuwahi kulihisi: mwisho wa kitu. Njia ikaingia kwenye tuta jembamba, mkono wa kulia majaruba ya mpunga, mkono wa kushoto matete. Na mbele yake, juu ya tuta hilohilo, akiwa na kapu kichwani, akielekea hukohuko kwa mwendo wa mtu asiye na haraka na dunia, alikuwa mama mkwe wake.

Hapo Machibya alisimama kama aliyegonga ukuta.

Kwa Wasukuma wa pale, mkwilima, yaani mume wa binti, hamsogelei mama mkwe. Hamshiki mkono, hali naye, hamtaji jina. Wakikutana njiani, mmoja huacha njia na kujitupa pembeni mpaka mwenzake apite. Vijana wa mjini siku hizi wanapiga picha na wakwe zao wakiwa wamekumbatiana, lakini mama huyu hakuwa wa mjini, na Machibya hakuwa katika hali ya kubahatisha. Alikuwa na bukta ya kubana, iliyofumuka nyuma tangu Kisesa. Ampite mama wa Modesta, amwonyeshe mgongo na vyote vilivyo chini ya mgongo, halafu usiku aende kuomba kurudishiwa mke?

Akaingia kwenye matete, akachuchumaa, angoje mama atangulie mpaka njia itakapopanuka.

Bahati mbaya mama naye alikuwa na masikio. Alisikia hatua nyuma yake, akageuza jicho nusu, akamtambua mkwe wake, na kwa adabu ileile akashuka upande wa pili, akajichimbia kwenye majaruba, angoje apite.

Juu ya tuta akabaki Chenge na baiskeli. Njia nyeupe. Haina mtu.

"Jamani," Chenge alisema baada ya muda, "mbona sasa hakuna anayepita?"

Kutoka kwenye mpunga sauti ikatoka. "Baba, wewe mwenye baiskeli."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huyo aliyeko kwenye matete mwambie apite. Mimi sipo."

Chenge akageukia matete. "Mama anasema hayupo."

"Mwambie nimesikia," Machibya akajibu. "Lakini siwezi kumpita mama ambaye hayupo halafu amechuchumaa kwenye tope. Atangulie yeye."

"Anasema utangulie, mama."

"Nitanguliaje na yeye anatazama? Apite, ana safari."

"Nina safari lakini nina adabu."

"Mwambie adabu nimeiona. Apite."

Hivyo hivyo, huku na huku, hatua chache kati yao, na Chenge katikati akirudia maneno ambayo kila mtu alikuwa ameshayasikia. Jua halikungoja. Na kila mtembea mbali atakwambia, mguu uliotoka mbali ukikaa, huanza kujifanya wa mtu mwingine. Machibya alihisi magoti yakiganda, nyayo zikivimba ndani ya raba. Akaona hapana, lazima mama aelewe uzito wa jambo.

"Chenge, mwambie mama kwamba Modesta ananisubiri Lamadi. Ndiyo maana naomba sana atangulie."

Chenge akasema.

"Modesta yupi?" mama akauliza. Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, "Modesta nimemwacha nyumbani anapukuchua mahindi. Nilimuuliza asubuhi, huendi kwa dada yako? Akaniambia, nikamsubiri nani?"

Safari hii Chenge hakugeuka. Alishika kengele ya baiskeli akaitazama kama kitu kipya.

Kwa desturi, Machibya alikuwa hajasikia. Maneno ya mama mkwe hayajasemwa mpaka mtu wa katikati ayarudie. Basi akabaki kwenye matete akingoja kuambiwa kile kilichokuwa kimeshamwingia mpaka kwenye mifupa.

"Amesemaje?" akauliza.

"Amesema," Chenge akasafisha koo, "mahindi mwaka huu yamezaa."

Ni mama aliyewahurumia. Alijitwika kapu, akakata katikati ya majaruba, tope mpaka magotini, akaenda zake kwao kwa njia ya mzunguko ili mkwe wake apate nafasi. Hakugeuka hata mara moja.

"Haya, njia iko wazi," Chenge alisema. "Inuka kaka. Bado inawezekana. Tena ukifika utamkomesha."

Machibya alitoka kwenye matete akitambaa, akakaa juu ya tuta. Na hili ndilo baya kuliko yote: miguu ilikuwa bado inaweza. Ilikuwa inauma, lakini aliijaribu kwa siri, ikaitika. Kilichokuwa hakiitiki kilikuwa kitu kingine, na hicho hakina dawa ya kuchua. Alitazama njia inayokwenda Lamadi, na kule mwisho wake, akilini, alimwona dada Rose peke yake, anafunga banda lake la dagaa, anamuuliza, wewe tena unatafuta nini?

Jua lilikuwa limegusa maji alipomwona Modesta anakuja juu ya tuta. Alikuwa na jagi la maji na suruali ya baba yake imekunjwa kwapani. Chenge, ambaye kwa kawaida hana aibu, aliona vyema akaangalie tairi.

"Mama anasema una bukta," Modesta alisema.

"Ninayo."

"Vaa hii." Akamtupia suruali, akageuza uso wakati anaivaa. "Ungempita tu. Mama asingekufa."

"Ningepita ungesema sina adabu."

"Ningesema umepita."

Akamimina maji kwenye kikombe, akampa. Akamtazama nyayo. Kitu fulani kwenye uso wake kililegea kidogo, na Machibya alikiona.

"Umebakiza kiasi gani?"

"Kama nusu. Chini ya nusu."

"Mbalamwezi ipo leo," Modesta alisema. "Nikipata pikipiki, nitakuwa Lamadi kabla yako."

Akabaki amesimama katikati ya njia, anangoja. Mwanamke hawezi kusema zaidi ya hapo kwa mume ambaye ni yeye aliyemkimbia.

Machibya akaanza kueleza. Alieleza kwamba tatizo ni raba, alinunua za mtumba. Alieleza habari ya uvimbe, na mawe yaliyohamia jikoni. Alisema leo ameshaijua njia, na hilo ndilo muhimu. Kwamba mwezi ujao, mvua zikipungua, ataanza upya, safari hii kwa mpango, na Modesta ataona.

Modesta alisikiliza mpaka mwisho. Sauti hiyo aliifahamu. Ndiyo iliyokuwa ikizungumza habari za bati, kila mwaka, chini ya lenta.

"Sawa," alisema. Akachukua kikombe mkononi mwake, akamwaga maji yaliyobaki pembeni, akaondoka na jagi lake. Machibya alimtazama mpaka kanga ikachanganyika na mpunga.

Simu ya Chenge ikalia. Alikuwa Jonathan, na nyuma yake kelele za wanachama na mtu anapiga ngoma ya ndoo.

"Shujaa wa Ghuba!" mwenyekiti alinguruma. "Uko kwenye spika, Igoma nzima inakusikia! Tumeazima Noah ya mchungaji, tumeifunga maua. Sema tu, tuje saa ngapi Lamadi kuwachukua wewe na shemeji?"

Chenge akamshikishia simu mdomoni.

"Pikipiki inatosha," Machibya alisema.