Diski za Shamba la Nkambo

Wiki iliyopita binti yangu alinifuata jikoni, simu mkononi, akaniambia nitazame. Nilikuwa nasonga bukari, ugali wetu, na anayesonga bukari haachii mwiko, kwa hiyo nilitazama kwa jicho moja. Kwenye simu kulikuwa na mzee wa nchi ya mbali, miwani imeshuka puani, ameshika diski ya rangi ya fedha, pana kama sahani ya wageni. Binti yangu akanieleza kwamba kuna watu wanaozipenda diski hizo za filamu za zamani, zile zilizotoka kabla ya DVD na zikafa mapema. Wanatafutana dunia nzima, wanafufua mashine zake, wanaulizana nani bado ana diski gani chini ya kitanda. Alidhani ananionyesha kitu kigeni. Nikakohoa kidogo, kama kawaida yangu kabla ya kusema, nikamwambia, "Ile kintu miye najua. Nimelima chini yake."

Alicheka mpaka akakaa kwenye ndoo. Basi nikamsimulia, na wewe rafiki yangu, kwa kuwa umepita, vuta kiti usikilize pia.

Likasi niliyokulia, mji wa migodi ya shaba, ilikuwa imezoea kuamshwa na king'ora. Kiwanda kikilia kule Shituru, wanaume wanavaa viatu vizito, wanawake wanapuliza makaa, na sisi watoto tunajua ni saa ya kunawa uso. Hewa ilikuwa na harufu ya kiberiti iliyokwaruza koo, lakini hakuna aliyelalamika, maana harufu hiyo ndiyo iliyoleta mposho, ule unga na samaki na mafuta ambayo kampuni iligawa kwa wafanyakazi. Kisha ikaja miaka ya tisini. Maduka yaliporwa, wageni waliosimamia mitambo wakafunga masanduku yao, mgodi mmoja ukasimama na mwingine ukafuata. Mposho ukapungua, ukachelewa, ukawa hadithi. Siku king'ora kiliponyamaza, nkambo alitoka uani akasimama akisikiliza, mkono kiunoni, kama mtu aliyeitwa jina lake.

Nkambo, yaani bibi yangu mzaa baba, ndiye aliyenilea. Mama yangu alikuwa akifuata samaki Kasenga na kuwauza mijini, kwa hiyo aliishi barabarani zaidi kuliko nyumbani. Nkambo alikuwa mwanamke mfupi, mkali, mwenye kilemba kisichowahi kukaa sawa. Unga ulipoadimika hakulia na mtu. Alichukua jembe akaenda nyuma ya serkle, ile klabu ambayo wahandisi walikuwa wakinywea bia na kucheza tenisi, akakata kipande cha ardhi na kupanda mahindi. Mji mzima ulifanya hivyo. Kando ya reli, mbele ya posta, kwenye bustani za maua, kila mahali palipokuwa na udongo palichipua mahindi na matembele.

Taabu ilikuwa kunguru. Mahindi yakitoa tu kidole cha kijani, kunguru anakifukua na kuimeza punje. Mlinzi wa serkle alimhurumia nkambo, akamletea rundo la diski alizozikuta zimetupwa stoo, baadhi zimetolewa kwenye makasha yake, na kumwambia azitundike. Nkambo akazifunga kwa kamba juu ya miti mirefu. Zikizunguka kwenye jua, shamba lote liliwaka na kuzima, na kunguru wakaenda kusumbua wengine. Jirani zetu waliziona na wakaenda kuomba zao. Nilipalilia huku doa la mwanga likinipita mgongoni, usoni, juu ya jembe. Mvua zilifuta maandishi yaliyokuwa kwenye karatasi za katikati, na nkambo hakuyajali kwa kuwa hakusoma.

Sasa nikueleze kuhusu baba, maana bila yeye hadithi hii ni ya kunguru tu. Baba alikufa kwa homa nikiwa bado mgongoni. Alikuwa akifanya kazi kwenye ukumbi wa matangi, pale shaba inapojijenga juu ya mabamba yaliyozamishwa ndani ya asidi. Kabla hajafa, kampuni ilitengeneza filamu ya kufundisha wafanyakazi wapya namna ya kujilinda. Baba alichaguliwa azungumze ndani yake, kwa kuwa, alivyosema nkambo, alikuwa na meno mazuri. Filamu ilipelekwa Ulaya ikarudi imekuwa diski, na ikaonyeshwa serkle kwa wafanyakazi. Nkambo hakuruhusiwa kuingia. Alingoja nje na beseni lake la karanga, na watu walipotoka walimpongeza, "Mama, mutoto wako anasema sawa radio." Hayo tu ndiyo aliyoyapata.

Nyumbani tulikuwa na picha moja ya baba, ile ndogo ya kadi ya kazi, iliyofutika karibu nusu kwa kidole gumba cha nkambo. Sura niliweza kuikisia. Sauti ndiyo iliyoninyima amani. Nkambo alisema ilikuwa nzito, yenye kujaza nyumba. Jirani mmoja alisema ilikuwa laini. Mama yangu hakutaka kuulizwa. Nilikuwa nalala nikimpa baba sauti ya padri, kesho yake sauti ya mtangazaji wa redio, na kila moja ilikuwa uongo na nilijua. Nilitamani kuisikia hata neno moja, na nkambo alitamani hivyo hivyo, ingawa yeye alikuwa akitamani huku akipeta mchele.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mwonyesha sinema wa serkle. Klabu ilipofungwa aliachiwa mashine ya diski, kubwa, nzito, yenye mfuniko kama wa sanduku la nguo, na haikuwa ikifanya kazi. Rafiki yake alikuwa mwalimu wa fizikia, mtu mrefu aliyetembea ameinama. Hawa wawili, mji ukiwa unakufa njaa, waliamua kuifufua mashine ile. Walijiita komite. Kila Jumapili baada ya misa walitandika shuka sebuleni kwa jirani, wakaifungua na kuitazama kwa heshima. Mkanda wa mpira uliokatika waliukata upya kutoka kwenye mpira wa baiskeli. Mama muuguzi wa mtaa wa pili aliwapa pamba na spiriti wakasafishia kioo kidogo ambamo mwanga wa lazeri hupita. Wake zao walichoka nao. "Bengine banatafuta unga, beye banatafuta cinema," mke wa jirani alikuwa akisema, huku akiwapelekea munkoyo, kinywaji cha mahindi, kwenye jagi.

Usiwacheke sana. Mwalimu alikuwa akifundisha bila mshahara, na jirani alikuwa na ufunguo wa ukumbi usio na mtu. Wote wawili walikuwa wamezoea kuwa na kazi inayojulikana. Kwenye shuka ile walikuwa nayo.

Siku mashine ilipozunguka bila kutetemeka, walikosa diski. Wakachukua kikapu wakapita mashamba wakiomba. Badala yake walitoa mikanda ya kaseti mbovu, ambayo ukiivuta kati ya vijiti inavuma kwenye upepo na ndege huiogopa. Wengi walikubali. Nkambo alikataa kabisa.

"Muhindi yangu njo inatoka sasa," aliwaambia, hakuinua hata kichwa. "Bile bintu biko mu kazi. Mukuye wakati muhindi itafika mu magoti."

Mwalimu alijaribu kumweleza kwamba jua linaharibu tabaka linalong'aa ndani ya diski, kwamba kila siku ni hasara. Nkambo akamuuliza kama diski zinaliwa. Komite ikarudi na kikapu chake. Walingoja mahindi ya nkambo yakue, na nakuambia hakuna mahindi yaliyowahi kutembelewa na mwalimu wa fizikia kama yale. Alipita kila jioni, anasalimu, anapima kwa macho, anaenda zake.

Wakati huo komite ilijaribu diski za wengine, na tulijaa sebuleni kwa jirani tukitafuna mahindi ya kuchoma. Nyingi zilitoa theluji tupu, zile chenga nyeupe kwenye kioo cha televisheni. Moja ilitoa muziki bila picha, na wanawake wakacheza hivyo hivyo. Nyingine ilionyesha farasi kwa muda mfupi, halafu farasi akavunjika vipande. Kila moja iliposhindwa, jirani aliitoa polepole, akaifuta, akasema itakuwa inayofuata.

Mahindi yalipofika magotini, nkambo mwenyewe alizishusha diski zake. Aliziosha kwa sabuni kama vyombo, akazipanga kwenye beseni, akalibeba kichwani mpaka kwa jirani. Nilimfuata. Ilikuwa Jumapili, umeme ulikuwa mzuri, na watu walikuwa bado na nguo za misa.

Diski ya kwanza, theluji. Ya pili, theluji. Iliyofuata ilitulia, na tukaona ukumbi mrefu wa matangi na mvuke ukipanda. Wanaume waliowahi kufanya kazi pale waliacha kutafuna. Mtu mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Njo kwetu," yaani ndiko kwetu. Kisha akaingia kijana mwembamba mwenye kofia ngumu na ganti, zile glavu za mpira, akasimama mbele ya tangi, akatutazama moja kwa moja. Akakohoa kidogo. Akasema, kwa Kiswahili cha hapa hapa, "Mbele ya kuanza kazi, vaa ganti. Mukono haiko na ya kubadirisha."

Sauti yake ilikuwa nyembamba. Ilikuwa sauti ya mtu wa kawaida mwenye aibu kidogo, haikufanana na padri wala redio. Nilisogea mbele kwa magoti mpaka karibu na kioo.

Nkambo alikuwa amesimama. "Njo yeye," alisema. "Ule njo mutoto wangu."

Jirani akabonyeza kitufe na picha ikasimama. Lazima nikueleze hili, kwa sababu kaseti hazikuweza: picha ilisimama kimya, safi, bila mstari wala mtetemo, kama mtu anayekungoja umalize kumtazama. Nkambo akakaribia kioo. Akatazama meno. Akatazama ukosi wa shati na kusema huo yeye ndiye aliyeushona. Kisha akageuka kutazama diski zilizobaki kwenye beseni, na kamba zake bado zimefungwa, na nikaona akielewa mahali mwanawe alipokuwa masika yote yale. Sebule nzima ilielewa pamoja naye. Mwalimu akainamisha kichwa.

"Kumbe," nkambo alisema mwishowe, "alikuwa analinda muhindi ya mama yake."

Wakacheka, naye akacheka, halafu akalia, nasi tukalia naye kama kilio cha kweli, maana wengi wao hawakuwa wamemlilia wakitazama uso wake. Jirani alituonyesha tena na tena. Baada ya maneno ya baba picha ilikuwa ikianza kupasuka. Mwalimu alieleza kwamba diski hizo husomwa kutoka katikati kwenda nje, na jua lilikuwa limeanza kula pembeni. Baba alikuwa amesimama karibu na tundu, ndiyo maana alipona.

Jumapili nyingi baada ya hapo tulikwenda kumsalimu. Nkambo alivaa kilemba kizuri. Kisha taa ya lazeri ikafifia, komite ikapigana nayo, na siku moja haikuwaka tena. Hakuna mtu Likasi, wala Lubumbashi, aliyekuwa na nyingine. Jirani alilia kuliko alivyolia mgodi ulipofungwa.

Msimu wa kupanda uliporudi, nkambo aliitundika diski ile shambani, juu ya mti mrefu kuliko yote. Nilimkasirikia sana. Nilimwambia anamuua baba mara ya pili. Mwalimu alikuja kuomba aifunge kwenye kitambaa, aiweke sandukuni, kwa kuwa siku moja mashine nyingine ingepatikana. Nkambo alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mu sanduku atamuona nani?" alijibu. "Huku tunalima naye."

Na kweli alilima naye. Alifika shambani akamsalimu, akamwambia habari za unga, za mama yangu na samaki wake, za mimi na ukaidi wangu. Ilinichukua miaka mingi kuacha kumkasirikia.

Shamba lenyewe halipo, na diski ya baba ilikwisha kuliwa na jua. Nkambo alipokwisha kufariki, wachimbaji waligundua kwamba udongo wa nyuma ya serkle una kijani cha shaba, wakaufuata chini. Nilipokwenda mara ya mwisho, palikuwa na shimo, turubai na vijana weupe kwa vumbi. Jirani amezikwa, mwalimu amezikwa, mashine iliuzwa kama chuma. Hata harufu ya kiberiti siisikii tena, labda kwa sababu nimeondoka, labda kwa sababu pua imezeeka.

Bukari ilikuwa imepoa nilipomaliza. Binti yangu hakuwa akicheka tena. Alisema angewaandikia wale watu wa simu, kwani huenda kampuni ilitengeneza diski zaidi ya moja, na huenda nyingine iko kwenye stoo fulani Ulaya, kasha limefungwa, haijaona jua.

"Lakini, mama, bakiipata, batamujua namna gani? Jina haiko, kichwa ya filamu haiko."

Nikafikiri niseme nini. Kofia ngumu, meno mazuri, ganti. Nikakohoa kidogo nianze kumweleza, na kabla sijatoa neno binti yangu akashika mkono wangu.

"Basi," alisema. "Nitabaandikia vile. Anakohoaka kwanza, sawa weye."