Mfungaji Aliyewekwa Ndani

Juzi basi letu lilipata pancha Mikumi, abiria tukashuka kunyoosha miguu. Ng'ambo ya barabara, kwenye uwanja wa shule, wasichana walikuwa wanacheza netiboli. Wenzangu walisogea kutazama. Mimi nilibaki nimeegemea basi, na filimbi ilipolia nikageuza uso. Utanicheka, mtu mzima mwenye wajukuu kuogopa filimbi ya mchezo wa watoto. Ngoja kwanza nikusimulie, kisha ucheke ukitaka.

Tulikaa Munisagara, karibu na reli, katika kijiji kipya cha ujamaa. Mama alikuwa kibarua kwenye mashamba ya mkonge, tukimwona mwisho wa mwezi tu, kwa hiyo mimi na dada yangu tulilelewa na bibi. Asubuhi kipande cha chuma kiligongwa, wakubwa wakaelekea shamba la kijiji, sisi watoto tukabeba ndoo za kumwagilia bustani ya shule. Mchana kijiji kizima kilinukia kisamvu na karanga. Jioni ndipo mwalimu wetu alipotoa mpira pekee wa shule, aliokuwa akiuhifadhi chini ya kitanda chake, na hapo hata waliokuwa wanaumwa walipona.

Dada alikuwa darasa la saba, mrefu, mfungaji wa timu. Goli letu lilikuwa duara la chuma lililotolewa kwenye pipa, limepigiliwa juu ya mti. Dada alisimama chini yake, akavuta pumzi moja, na mpira ukapita katikati bila kugusa chuma. Kwa kweli nilimwonea fahari mpaka nikawa na kiburi. Muhula ule mwalimu alitutangazia kwamba Jumamosi timu yetu itakwenda Kilosa mjini, na huko watachaguliwa wasichana wa timu ya mkoa. Walioingia timu ya mkoa, alisema, shule za sekondari zilikuwa zikiwatafuta. Dada hakuwa na hamu nyingine duniani.

Jumapili iliyotangulia aliniita nyuma ya jiko. "Kuanzia leo chumvi utatia wewe," akaninong'oneza. "Na usimwambie mtu. Hata bibi." Sikuuliza kwa nini. Nilijiona nimepandishwa cheo.

Kwetu mwanamke aliye katika siku zake hatii chumvi kwenye chakula. Wazee waliamini atakayekila atapata ugonjwa wa kifua. Na msichana akivunja ungo, anawekwa ndani, mjomba wake akiwepo. Hatoki, haonwi, mpaka ngoma yake ichezwe baada ya mavuno. Dada alijua yote hayo. Alificha vitambaa, akaficha maumivu ya tumbo, akakimbia uwanjani kama kawaida. Lakini bibi alikuwa na kikohozi cha miaka, na dada hakuthubutu kumhatarisha. Angeweza kumdanganya kwa lolote isipokuwa hilo.

Jumatatu mchana bibi alionja mboga, akasema, "Leo imekolea. Nani katia chumvi?"

"Mimi!" nikadakia. "Siku hizi dada hatii, ananiachia mimi."

Bibi akatafuna polepole. "Tangu lini?"

"Tangu jana."

Akanipapasa kichwa. "Umekua, mjukuu wangu." Hakumaliza chakula chake.

Tangu saa ile nyumba ikabadilika, na mimi mjinga nikadhani tunangojea mgeni. Bibi aliipaka udongo mpya sakafu ya chumba cha ndani. Akaazima mkeka. Jumatano akaziba kidirisha kwa magunia, akishindilia kwa mpini wa jembe, huku akiimba taratibu wimbo wa kanisani. Wanawake wa jirani walipita wakanong'ona naye, wakanyamaza dada alipotokea. Alhamisi asubuhi mjomba akashuka kutoka milimani amebeba jogoo, na hakunitania kama siku zote. Jioni dada alirudi kutoka mazoezini anatoka jasho. Alikuta mlango wa chumba kile uko wazi. Bibi akamshika mkono, akamwingiza. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, bila kujua ni kwa nini.

Jumamosi mwalimu alikuja mwenyewe, timu nzima imejipanga nyuma yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu."

"Nimemfuata mfungaji wangu. Treni inakaribia."

"Humu ndani kuna mwali."

"Siku moja tu, bibi. Jioni nitamrudisha mwenyewe, nakuahidi."

"Walituambia tuhame milimani, tukahama," bibi akasema, hakupandisha sauti. "Wakatuambia tulime pamoja, tunalima. Huyu hawanichukulii."

Mwalimu alitazama chini. Ndipo sauti ya dada ilipotoka nyuma ya ukuta, mara moja tu: "Mwalimu!" Mwalimu akageuka. Wasichana wakamfuata, na baada ya muda tukasikia treni ikisimama, kisha ikiondoka.

Msichana aliyechukua nafasi yake alichaguliwa timu ya mkoa. Dada alitolewa baada ya mavuno, mtihani wa darasa la saba umeshapita, akaolewa Mikumi mwaka huohuo. Zamu yangu ilipokaribia, ni yeye aliyekuja kuniomba kwa bibi nikasomee kwake, na kwake hakuna aliyewahi kuniweka ndani. Nilisoma mpaka nikawa mwalimu. Miaka yote hiyo nilikula chakula chake na sikuthubutu kumwambia kwamba ni mimi niliyemponza.

Juzi, basi lilipokuwa linatengenezwa, nilitembea hadi kwake. Nilimkuta anachambua maharage. Nikamwambia yote, na uzee wote huu.

"Nilikusikia," akasema. "Nilikuwa mlangoni na ndoo yangu ya maji, siku ileile ya Jumatatu."

"Mbona hukukimbia?"

"Niende wapi? Nilihesabu tu kwamba mjomba hawezi kufika kabla ya Alhamisi." Akapuliza makapi ya maharage. "Nikaenda mazoezini, mdogo wangu. Nilicheza siku zile kuliko siku zote. Sikukosa hata goli moja."

Bibi hayupo, mwalimu hayupo, na uwanja wetu siku hizi ni shamba la mahindi. Mimi nilikuwa pale pembeni jioni zile zote nne, nikimpigia makofi na kucheka, na sikujua ninachokitazama.