Teke Lililotangulia Jicho

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwalimu amesimama peku katikati ya ukumbi wa shule aliokodi. Wanafunzi kumi na mmoja wamejipanga mbele yake wawili wawili, mmoja kakosa mwenza. Anawafundisha kurusha ngumi na kuisimamisha upana wa kidole kabla ya pua ya mtu.

"Kupiga kila mtu anajua," anawaambia. "Hata punda anapiga. Mimi nawafundisha kutopiga."

Wanacheka. Kisha msichana wa mstari wa mbele anauliza, "Mwalimu, lile teke la ukutani utatufundisha lini?"

Mwalimu anainama kukaza mkanda ambao haujalegea. "Hilo halifundishwi," anasema.

Watazamaji wanamfahamu kwa jina la Mzee wa Teke. Kwa miaka kumi na sita amecheza filamu za mapigano ya kuchekesha, thelathini na nane kwa jumla, akiwacharaza wezi kwa sufuria na kuruka madirisha mpaka suruali inanasa kwenye misumari. Mwaka jana, akiwa na miaka arobaini na minne, aliupa mzaha kisogo. Alicheza baba anayelipiza kisasi, katika filamu nzito isiyo na muziki wala tabasamu. Malipo yake yalizidi ya vichekesho vitano. Waliokuwa wakimwita kituko sasa wanamwita msanii.

"Nilichoka kuchekwa," anasema. "Mwanangu anaulizwa shuleni kama baba yake ana akili timamu. Nikataka heshima. Nimeipata, na sina pa kuiweka."

Kinachosifiwa zaidi katika filamu hiyo ni teke moja la sekunde mbili. Anayepigwa anarushwa ukutani, na usoni ana mshangao ambao watu wanasema hauigizwi. Wanasema kweli.

Aliyepigwa ni shemeji yake, mume wa dada yake, aitwaye Gunia kwa jinsi anavyotua. Katika filamu zote thelathini na nane, Gunia ndiye aliyeanguka. Na katika kazi yao anayeanguka ndiye mwenye amri: hapigwi mpaka amesonya. Msonyo ukisikika, teke linaondoka. Usiposikika, mguu unabaki chini hata kama kamera inazunguka.

"Dada alikuwa akitutania," anakumbuka. "Anasema, nyumbani nasonya mimi, kazini anasonya mume wangu, wewe kaka utajiju."

Filamu nzito ilitaka kimya. Msonyo ukaondolewa, wakakubaliana Gunia awe anapepesa jicho la kushoto. Walirudia mara nane, na mara zote nane mwongozaji akatikisa kichwa. Kabla ya mara ya tisa alimvuta Mzee wa Teke kando.

"Akaniambia, 'Anajua linakuja, uso unamsaliti. Safari hii usisubiri jicho.'" Anaongeza: "Ningeweza kukataa. Mdomo ninao."

Hakusubiri. Gunia alikuwa bado anavuta pumzi, mwili umekaza, na bega likafika ukutani kabla ya mgongo. Mtulinga, mfupa wa juu ya kifua unaoshika bega, ukavunjika. Akiwa chini, jasho likimtiririka, alimwuliza shemeji yake swali moja tu: "Nilipepesa?"

"Nikamjibu, ulipepesa."

Gunia alifungwa mkono wiki kumi na moja. Mfupa uliunga, lakini hakurudi kazini. Mtu wa kuanguka akipepesa bila kujua, alisema, ujue mwili umeanza kumkimbia. Akaiacha kazi aliyoifanya tangu ujana, akaenda kujaza sponji kwenye karakana ya makochi. Akikutana na vijana wa ukumbini, anawaonya waache mapema, wasingoje kuumbuka kama yeye.

"Na ananiomba radhi mimi," Mzee wa Teke anasema, macho yakiwa kwenye vidole vya miguu yake. "Kila tukionana: shemeji, nisamehe, nilikuharibia siku. Na mimi, bila haya, najibu yamekwisha."

Mwezi uliopita mwongozaji alimwita kwa filamu ya pili. Safari hii anataka teke la ngazini, na atakayeanguka hataambiwa lini. Mzee wa Teke alichukua mkataba bila kuutia saini. Jumapili mchana akaenda nyumbani kwa dada yake.

Gunia alikuwa sebuleni anakunja nguo. "Karibu, msanii," alimtania. "Leo walinzi umewaacha wapi?"

"Shemeji, hukupepesa."

"Lini?"

"Pale ukutani. Niliambiwa nisisubiri, nami sikusubiri. Halafu nikakudanganya."

Gunia alilikunja shati alilolishika, akalikunjua, akalikunja tena. Aliposema, hakugusia mfupa.

"Kwa hiyo mwili wangu ni mzima."

"Mzima."

"Na mwaka huu wote najiita mzee."

"Ndiyo, shemeji."

Dada alikuwa mlangoni, amesikia. "Kaka," alisema polepole, "huyu kila asubuhi alikuwa anasimama kwenye kioo, anayachunga macho yake kama yanapepesa yenyewe. Na mimi nilikuwa namcheka."

Mzee wa Teke aliinuka akaondoka. Hakuna aliyemsindikiza, ingawa katika nyumba ile hata jirani aliyeomba chumvi husindikizwa.

Siku tatu baadaye Gunia alimtumia ujumbe: "Narudi kuanguka. Si na wewe."

Mkataba ameurudisha. Mwongozaji, anasema, tayari amempigia simu mwigizaji mwingine, kwa hiyo Mzee wa Teke anazunguka kuwatafuta waangukaji mmoja mmoja, awaonye kabla hawajafika kwenye ngazi zile. Vijana wa ukumbini atawaambia mwenyewe Ijumaa, yule msichana akiwemo. Hili la jicho ametaka liandikwe lilivyo, maana wengi waliambiwa Gunia alikosea.

Jumamosi Gunia atafika ukumbini kwa mazoezi ya kwanza, na ufunguo amekwisha kupelekewa. Mzee wa Teke hataingia.

"Sitarajii anisamehe," anasema. "Nitakaa nje ya mlango. Nikisikia ametua, halafu nikamsikia ameinuka, nitakwenda zangu."